Si Mimi, Ni Miguu

Nimeuza juane sokoni Belén miaka thelathini na moja, na sijawahi kumnyima mtoto chakula mpaka siku ile kwenye ndege. Nasema hivyo mapema msije mkaniona mkatili. Juane ni wali tunaoufunga kwenye jani la bijao pamoja na kipande cha kuku, yai na zeituni, tukauchemsha humo humo, na siku ya San Juan, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, hakuna mtu wa mji wetu wa Iquitos anayekubali kuonekana mikono mitupu. Anayesafiri kwenda Lima siku hiyo huwabebea ndugu zake boksi zima. Sisi tulisafiri siku hiyo hiyo. Tungekwenda jana yake, ila mvua ilimwagika kutwa, ndege ikaahirishwa.

Mjukuu wangu Yadhira alikuwa na miaka minne na nusu. Alizaliwa na tundu kwenye kaakaa. Akinywa uji, nusu hutokea puani. Akila wali, punje humtoka puani. Na akisema, sisi wa nyumbani ndio tunaomwelewa, wengine hucheka. Mwaka uliotangulia tulimpeleka Lima kwa upasuaji tukarudishwa, eti ana mafua. Madaktari wa upasuaji huo huja Lima wiki moja tu kwa mwaka, na siku ile ilikuwa ya mwisho. Zamu yetu ilikuwa saa tano asubuhi. Mama yake, Rosaura, alikuwa amejifungua juzi yake, basi nikatwishwa mimi. Muuguzi wa Iquitos alinishika mkono akanieleza polepole: kuanzia saa mbili usiku wa kuamkia upasuaji mtoto asile kitu, kwa sababu akipigwa nusukaputi tumbo likiwa na chakula, chakula kinapanda, kinaingia mapafuni, na anaweza asiamke. Nikamwambia nimesikia. Akarudia. Nikamwambia nimesikia, mama, mimi si kiziwi.

Kwa hiyo kazi zangu zilikuwa mbili. Asile, na asilie, maana akilia sana kamasi hutiririka, na nilishaona mwaka jana kamasi inavyofukuzisha mtu hospitalini. Saa moja na dakika arobaini na tano angani, haya, si mlima huo. Ndivyo nilivyojidanganya.

Ndege iliruka saa moja asubuhi. Mpaka saa moja na robo nilikuwa nimeshamaliza ujanja wote niliokuja nao. Nilimwonyesha mto chini unavyojipinda, nikamwambia ahesabu kona. Akahesabu nne, akataka kushuka kwenda kuzigusa. Nikampa kalamu za rangi, akazitupa moja moja chini ya kiti cha mbele ili apate sababu ya kuzifuata. Nikamfungulia nywele zangu azisuke, akazisuka pamoja na mkanda wa kiti. Muda wote huo miguu yake inapiga kiti cha mbele, pu, pu, pu, mpaka mwenye kiti akageuka kututazama mara tatu. Mtoto huyu tangu ajue kutembea amekuwa kiguu na njia. Hata usingizini miguu yake inatembea kitandani.

Nikambana magoti. "Yadhira, tulia. Unampiga mwenzako."

"Si mimi, bibi," akasema. "Ni miguu."

Pembeni yetu, kwenye kiti cha njiani, alikaa mzee Tapullima, seremala mstaafu, mnene, mcheshi, boksi la juane limemkalia mapajani kwa kuwa alikataa kuliweka juu. Alicheka mpaka boksi likatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kusikia harufu.

Mnajua harufu ya jani la bijao likifunguliwa. Mtu mmoja nyuma huko alifungua juane yake ya kifungua kinywa, wa pili akaona kwa nini asubiri Lima, na kufumba na kufumbua ndege nzima ilinukia kama meza yangu sokoni. Tumbo langu mwenyewe lilinguruma. Nilikuwa nimemwahidi mtoto kwamba nami sitatia kitu mdomoni mpaka ale yeye, na kichwa kilishaanza kuniuma. Mzee Tapullima akafungua boksi lake, akachagua juane nono, akamwekea Yadhira mapajani kabla sijavuta pumzi. Nikaipokonya nikairudisha. Nilimweleza kwa ukali kuliko alivyostahili, masikini, na yeye akaomba radhi, akafunga boksi na kulifunika kwa koti. Nikawaambia wa mbele, nikawaambia wa nyuma, nikamwambia mhudumu aliyekuja na biskuti: huyu hapewi kitu. Wote wakaitikia kwa huruma. Lakini ndege ina viti vingi, na mimi nina mdomo mmoja.

Yadhira akaanza. Kwanza kidevu kinatetemeka, halafu macho yanajaa. Akaniambia ana njaa. Si kwa kelele. Aliniambia kama mtu anayetoa taarifa, na hilo liliniuma zaidi. Nikaona kamasi ya kwanza ikichungulia puani. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Nikavuta gazeti la ndege kwenye mfuko wa kiti, nikachana kurasa zake, nikamwambia, "Njoo, mwenzangu. Leo ni San Juan na hatujafunga hata juane moja. Wateja watatutukana."

Machozi yakakatika hapo hapo. Nikachomoa nyuzi kwenye shali yangu ziwe kamba. Mtoto yule alikunja kurasa zile kama ninavyokunja majani, kona nne juu, kidole gumba katikati, uzi mara mbili, fundo. Sikumfundisha hata siku moja. Alikuwa akinitazama tu, mimi nikidhani anakimbizana na kuku. Kwa dakika ishirini miguu haikupiga kiti cha mtu. Ninakiri nilifurahi, tena nilijivuna. Nilimgusa mzee Tapullima kwa kiwiko ili aone mikono hiyo imetoka wapi.

Juane za karatasi zilipofika kumi na mbili akasimama. Sasa anauza, akasema.

Ningemkataliaje? Juane isiyouzwa ni ya nini? Nikampa mfuko wa karatasi wa kutapikia ndio kikapu chake, nikamwambia aende mpaka safu ya kumi na nane arudi. Akaenda. Sauti yake ile ya puani ikitangaza juane moto, juane moto, na kwa mara ya kwanza nikawasikia watu wasiomjua wanacheka bila kumcheka. Walinunua kwa vifungo, kwa tiketi za zamani, kwa busu. Akarudi, akaenda tena. Nilikuwa nimegeuza shingo muda wote kama bundi, namhesabia hatua.

Safari ya tatu alipita safu ya kumi na nane. Nikamwita. Wakati huo huo tukaifikia milima, na ndege ikashuka ghafla, ikarukaruka. Taa za mikanda zikawaka. Nikafungua wangu nisimame, mhudumu akanisukuma kitini. Nikasimama tena, akanisukuma tena na kuniambia mtoto ameshashikwa, yuko salama, kuna mama amemfunga naye. Mimi sikuwa na wasiwasi na usalama. Nilikuwa na wasiwasi na huyo mama. Mwanamke wa Iquitos, siku ya San Juan, mtoto wa mtu analia mapajani mwake ndege ikirukaruka: atafanya nini? Mimi ningefanya nini? Nilipiga kelele asipewe chakula, lakini nusu ya ndege ilikuwa inasali na nusu nyingine inapiga mayowe, na sauti yangu haikuvuka safu mbili. Dakika kumi nzima nilikaa nimefungwa, nimezamisha kucha kwenye mkono wa mzee Tapullima, na yule mzee hakuutoa mkono wake.

Walimrudisha saa mbili na dakika ishirini. Anang'aa kwa furaha. Ule mfuko wa kutapikia umejaa: ndizi za kukaanga, yai, paja la kuku, nusu juane ndani ya jani lake. Watu wetu hawajui kununua kwa mtoto bila kumjazia kikapu. Nikamwuliza kama amekula. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza tena, nimemshika mashavu. Hajala, akasema, alikuwa anauza tu.

Na chini ya tundu la pua la kushoto palikuwa na punje moja ya wali.

Ilikuwa nyeupe, nzima, imekaa pale inanitazama. Mzee Tapullima aliiona pia. Alitazama mbele, akatazama nyuma, kisha akaniinamia.

"Ni punje moja, mama," akanong'ona. "Ifute. Nani atajua?"

Nikaifuta. Ndiyo, niliifuta kwa kidole gumba. Mwaka mzima wa kungoja, na mwaka mwingine mbele wa watoto kumwigiza sauti barabarani, na shule inaanza Machi, na mama yake kitandani amebeba kichanga huku anangoja simu. Yote hayo niliyafuta pamoja na ile punje. Nikampangusa mdomo kwa mate yangu, nikamwosha mikono, nikaacha ule mfuko kwa mzee Tapullima, na mpaka tunashuka hakuna aliyeniuliza kitu.

Lima ilikuwa baridi, kijivu, na ndani ya teksi Yadhira alipanda kiti, akashuka, akapanda, akaniuliza ni lini atakula. Nilikuwa nafanya hesabu ya ujinga: punje moja ina uzito gani? Inaweza kumzuia mtu kuamka?

Hospitalini muuguzi alikuwa msichana mwenye kalamu na karatasi. Jina. Umri. Mafua? Hana. Homa? Hana. Halafu bila kuinua macho akauliza kama mtoto amekula tangu jana usiku. Yadhira akaninyanyulia uso. Aliniangalia kama anavyoniangalia sokoni mteja anapouliza kama juane ni za leo. Na mimi juane za jana siuzi. Sijawahi.

"Amekula," nikasema.

Kalamu ikasimama. Akaniuliza ni nini, kiasi gani.

"Wali. Niliona punje moja. Lakini mimi nawajua watu wangu. Hawampi mtoto punje moja."

Basi nilikwisha. Nilisimama pale nalia kwa hasira, si kwa huzuni, hasira tupu: kwa yule mama wa nyuma, kwa mvua, kwa San Juan mwenyewe, na zaidi kwangu mimi niliyemtwika mtoto mwenye njaa kikapu nikamtuma kwa walishaji. Daktari akaitwa, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuchoka. Akanikaripia. Nilistahili. Kisha akauliza ilikuwa saa ngapi, nikasema saa mbili. Akahesabu kwa vidole, masaa manane kuanzia hapo, yaani saa kumi jioni. Akapindua karatasi zake. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mtoto kutoka Puno ambaye naye hakuwa amekula tangu usiku. Mama yake akakubali kwa furaha aingie saa tano mahali petu, na sisi tukachukua pake. Daktari akaniambia kama ningekaa kimya, saa tano ile angemlaza mtoto mwenye tumbo lililojaa.

Masaa mengine sita, basi, na mtoto yule yule, na njaa ile ile, na sasa hakuna hata mkanda wa kumfunga. Sitaki kuwasimulia saa zile. Itoshe kwamba gazeti la hospitali lilikwisha na shali yangu ikabaki nusu. Aliuza juane za karatasi ukumbi mzima, na hapo hakuna aliyempa kitu cha kula, kwa kuwa watoto wote walikuwa na njaa kama yeye. Walizifungua na kuzifunga upya, wakagombania nyuzi.

Saa kumi na dakika tano wakamchukua. Alinipa juane ya mwisho, akaniambia nimtunzie, akitoka aile. Mlango ukafungwa.

Nilidhani nitakaa, maana viungo vyote vilikuwa vinaniuma na sikuwa nimetia kitu tumboni tangu jana. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda mpaka dirishani, nikarudi, nikaenda mpaka kwenye ngazi, nikarudi, ile karatasi mkononi imeshalowa jasho. Mama wa Puno, ambaye mwanawe alikuwa ameshatoka salama, akanikatia mkate, nikaushika tu. Baada ya saa nzima mlinzi wa mlangoni, kijana wa watu, akaona hapana.

"Bibi, hebu kaa chini," akasema. "Unatuchosha sisi."

"Si mimi, baba," nikamwambia. "Ni miguu."

Akanitazama asielewe. Nikaendelea kutembea.

Giza lilikuwa linaanza pale muuguzi alipotoka na kuita jina letu. Akasema mtoto yumo kwenye chumba cha kuzindukia, ana pamba mdomoni hawezi kusema, na wanaomba niingie upesi kwa sababu hawamwezi. Nikaingia. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefumba, sindano mkononi imefungwa kwa plasta. Nikamtazama kifua kama kinapanda. Halafu nikatazama chini kidogo, kule walikosimama wauguzi wawili wakivutana na shuka. Miguu ilikuwa inapiga mateke.