Swichi ya Tatu

Kompyuta ilipoletwa Shirimatunda mwaka 1982, kwenye kituo cha takwimu za kahawa, Yoramu ndiye aliyefungua makasha yake. Kwa miaka miwili hakuna waya uliochomekwa bila mkono wake, na kwao Kilema watu wakitoka misa walimwita fundi wa kompyuta. Kisha Kornelia, binti aliyetumwa na kituo kusomea kompyuta, akarudi kutoka Hangaria.

Kornelia hakumkosea kitu. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Zamani mkuu wa kituo, Mzee Aminieli, alikuwa akiingia na kuuliza, "Yoramu, mashine inasemaje?" Siku hizi aliipita meza yake bila kusimama, akaenda kuegemea kiti cha Kornelia. Hata chai ilianzia kwa Kornelia.

Mwaka 1984 printa ya zamani ikafa, ikaja mpya. Mabwana shamba walikuwa wanasubiri orodha za mashamba yenye chulebuni, wapige dawa kabla ugonjwa haujamaliza kahawa. Yoramu alichomeka kadi ya printa ndani ya mashine. Kazi ya Kornelia ilikuwa kukiarifu kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayosema na vifaa vyote, kwamba printa mpya ipo, na kadi yake inapatikana kwenye namba gani. Namba hiyo hupangwa kwa swichi nane ndogo zilizo juu ya kadi.

"Kaka, umezipanga kama kitabu kinavyosema?"

"Kama kitabu," alijibu Yoramu, na wakati huo ilikuwa kweli.

Mchana Mzee Aminieli alileta wageni wa wizarani. "Huyu ndiye mtaalamu wetu," alisema, mkono wake begani kwa Kornelia. Yoramu hakutajwa. Walipokwenda kula, alizima mashine, akachomoa kadi, akageuza swichi ya tatu kwa ncha ya bisibisi, akairudisha kadi mahali pake.

Siku tatu Kornelia alihangaika. Aliandika upya maagizo ya printa, akaunda kiini upya, akasubiri zaidi ya saa nzima, akawasha. Mfumo ukajibu kwamba kifaa hakionekani. Akaanza tena. Yoramu alikaa mezani kwake akijifanya anasafisha taipureta, moyo ukimchezea kwa furaha.

Furaha hiyo haikudumu. Mzee Aminieli alianza kuja kila baada ya saa moja kumtuliza Kornelia. Mama wa chai alimletea mtori kutoka nyumbani. Yoramu akaona hata kushindwa kwa Kornelia kunampatia mapenzi ambayo yeye hakuyapata kwa miaka miwili ya kufaulu, na wivu ukamkaba upya.

Siku ya tatu jioni Kornelia alimsogelea akiwa na karatasi.

"Namwandikia Mzee. Kazi hii imenishinda, kaka. Nimemwomba akurudishie wewe mashine."

Ndicho alichokitaka. Aliisoma barua mara mbili, akaona mwandiko uliotetemeka, akashindwa kuirudisha.

"Usiipeleke," alisema.

"Kwa nini?"

Yoramu alizima mashine, akatoa kadi, akamwonyesha swichi. "Niliigeuza mimi."

Kornelia aliitazama kadi, kisha akamtazama yeye. "Siku tatu nimedhani akili yangu imeharibika," alisema polepole. Hakupaza sauti. "Kesho utamwambia Mzee mwenyewe."

Alimwambia. Printa ilifanya kazi asubuhi hiyo hiyo, lakini orodha za mashamba ya Mwika zilichelewa, na Mzee Aminieli hakulisahau hilo. Alimnyang'anya Yoramu funguo za chumba cha mashine, akampeleka stoo.

Kutoka stoo printa husikika vizuri. Kila inapoanza kukwaruza, Yoramu huacha anachofanya, akajikuta anakisia ni nani aliyesimama kando ya Kornelia. Asubuhi Kornelia bado humwamkia. Yeye huitikia marahaba, macho yake yakiwa kwenye makasha.