Chuma Kichakani, Leso Mlangoni

Mwaka wa tisini na nane kanisa lilituletea msichana kutoka Finland aje kusimamia uchimbaji wa visima hapa Kiritiri. Nasema msichana kwa heshima tu. Alikuwa amepita thelathini, na mabega yake yalikuwa kama ya fahali wa jirani yangu Gitari. Jina lake Kaija. Alikodi chumba kwangu, na kwa kuwa alikula githeri yangu bila kuuliza iko na nini ndani, nikamhesabu miongoni mwa wanangu, naye akaniita Cucu, yaani nyanya, kama wajukuu wangu.

Alikuja na kitu alichokiita nyundo. Mimi nyundo naijua. Hii ilikuwa tufe la chuma lenye waya mrefu na kishikio mwishoni. Nilipolipakata mara ya kwanza nilishtuka.

"Uzito wa mtoto mchanga, tena aliyezaliwa na afya," nikamwambia.

Kaija akacheka, halafu akaacha kucheka.

Kila asubuhi alienda uwanja wa nyuma ya kanisa, anajizungusha nalo kama aliyepandwa na kitu, kisha analiachilia. Waya unalia hewani, vuuu, mbuzi wote wanainua vichwa.

"Na kwenu wanakupa nini kwa kazi hii?" nilimuuliza.

"Cucu, kwetu walikuwa wanasema ni mchezo wa wanaume. Nimerusha tangu nikiwa msichana, na mashindano makubwa hayakutuita. Mwaka ujao ndiyo mara ya kwanza wanawake watarusha kwa mashindano ya dunia. Mimi nazeeka. Ni mwaka huo au basi."

"Na watoto?"

"Nikimaliza hiyo. Kuna mwanamume ananingoja."

"Akingojea sana atapoa."

Basi, mwezi wa kumi, kishikio kikamteleza kwa jasho. Tufe likapita ua, likaingia katika kichaka cha matambiko. Hapo ndipo wazee wetu waliombea mvua tangu zamani. Mti haukatwi, na chuma hakiingii, hata sindano. Hata mimi na ukristo wangu, nikipita karibu natoa pini kwa kitambaa.

Mwezi wa kumi na moja ukafika bila mvua. Mwaka uliotangulia mvua ilibomoa vyoo vyetu; sasa hata tone. Watu wakaanza kuangalia dirisha la Kaija.

Mzee Ireri, anayelinda kichaka, alituita.

"Mbuzi wa kafara hatatosha," alisema. "Hicho chuma kiliingia kikiruka, mguu haukukileta. Kitatoka kikiruka. Kikitolewa kwa mguu, walio ndani watafuata huo mguu mpaka kwetu. Na kabla hakijatoka, hakuna chuma kingine kitakachoruka hapa."

Anayeingia ni mwanamke aliyemaliza kuzaa. Anaacha leso ya kubebea mtoto kwenye mti wa mlangoni, ili walio ndani waone hakuna cha kumfuatia.

Ireri akaniangalia. "Mama Muchangi ameshamaliza."

"Nilimaliza kabla baba Muchangi hajamaliza," nikamjibu. Wanawake wakacheka, mzee akaangalia viatu vyake.

Niliingia mchana, jua likiwa kichwani. Ndani hakukuwa na ndege wala mdudu. Tufe lilikuwa juu ya majani, safi, kama limepanguswa sasa hivi. Hakukuwa na upepo, na waya ulikuwa unaimba polepole. Nikaushika, nikajizungusha kama nilivyomwona Kaija akifanya. Tufe likaanguka karibu na kidole changu cha mguu. Nikajaribu tena, na nyuma yangu mtu akacheka kwa adabu, kama anayecheka kanisani. Nilitoka kinyumenyume, na hakuna aliyenifundisha.

"Basi ni mimi," Kaija akasema.

"Wewe hujazaa," Ireri akamwambia.

"Nimemaliza."

"Utamaliza kitu hujaanza?"

Nikamvuta kando. "Mwanangu, hapa si mahali pa kusema tu. Unachosema kinashikwa."

"Cucu, nisiporusha sasa, mwaka ujao sitakuwa tayari. Nimengoja maisha yangu yote."

Akarudi kwa mzee. "Niulize tena."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Alinunua leso nyekundu kwa Nasro, yule wa duka la nguo. Nasro akamuuliza ni ya kubebea nani, Kaija akahesabu pesa. Alipoifunga kwenye mti, Ireri aliigusa pembe.

"Hii haijabeba mtu."

"Ndiyo maana ni safi," nikasema, kwa sababu lazima mtu angesema kitu.

Akaingia. Tukasikia waya, vuu, vuu, vuu, kisha tufe likatokea juu ya miti. Likapita uwanja, likapita kanisa, likaangukia mawele ya Gitari. Hakuwa amewahi kulifikisha huko. Tukapiga vigelegele mpaka padre akatoka kuuliza nani anaolewa.

Kaija alitoka mweupe kuliko alivyoingia.

"Cucu, kuna mtu alinisukuma mgongoni. Mikono ilikuwa midogo."

Mvua ilinyesha wiki hiyo.

Mwaka uliofuata alienda mashindano yake. Hakuleta medali, lakini alifika fainali, na jina lake lilisomwa mbele ya watu kwa kipaza sauti. Mwezi wa kumi na mbili akarudi kuchukua vitu vyake. Yule mwanamume alikuwa amepoa.

"Nataka leso yangu," aliniambia. "Niliiweka kwa mkono, naweza kuitoa kwa mkono. Si ndiyo sheria?"

Hata Ireri alikubali kwamba ndiyo.

Tulienda sisi wawili. Jua la mwaka mzima halikuwa limeipausha. Ilining'inia ikiwa imejaa chini, ikibembea, na hakukuwa na upepo. Kaija akaweka viganja chini yake.

"Cucu, shika."

Nikashika. Ule uzito nilikuwa naujua, nilishaupakata.

Hatukufungua. Alisimama pale muda mrefu, yule aliyefunzwa kuachilia tangu usichana wake, na vidole vikakataa kuachia. Mwishowe akavitoa kimoja kimoja.

"Nilisema nimemaliza," akasema, na kesho yake akaenda kwao.

Siku hizi nikipita pale naisukuma ile leso kidogo, ilale. Watu wanasema Igoki, yaani mimi, amezeeka vibaya. Na Kaija akipiga simu pale posta kuniuliza kama analala, namwambia ukweli: anatulia sana, hasumbui kama wangu.