Bangili Iliyokatwa kwa Sonara Lau

Sonara Lau hakutaka kuikata. Aliisugua kwenye jiwe jeusi la kupimia, akaudondoshea tindikali mstari uliobaki, na mstari ukakaa njano vilevile.

"Safi hii," akasema. "Mvalishe mkweo hivihivi, yaishe."

"Bangili moja siyo vitu vinne, kaka Lau. Unataka shangazi zake wanicheke mpaka naingia kaburini? Yeyusha."

Siok Hun alikuwa na haki ya kusema hivyo. Huku Chenghai, kusini mwa China, hakuna bibi arusi anayeingia kwa mume bila vitu vinne vya dhahabu: mkufu, bangili, pete na hereni. Mama wa mvulana ndiye anayevivalisha kwa mkono wake, mbele ya watu wote. Na Siok Hun, mjane anayeuza supu ya vidonge vya nyama karibu na stendi, alikuwa ameshaimaliza akiba yake kwenye nyumba ya mwanawe, Kia Hok. Kilichobaki kilikuwa bangili hiyo nene, aliyovalishwa na mama mkwe wake miaka thelathini na miwili iliyopita. Arusi ilikuwa Jumapili, na hiyo ilikuwa Jumanne.

Lau akammiminia chai kwanza, maana huku hata ukija kumtukana mtu utakunywa chai yake kwanza. Kisha akaibana bangili kwa koleo, akaitia mkasi. Mkasi ukagoma. Dhahabu safi ni laini, hukubali bila kelele, lakini hii ililia.

Ndani palikuwa peupe.

Akakata mahali pengine, labda pale pa kwanza paliungwa tu. Napo peupe. Akawasha moto, akauelekeza kwenye kipande, nacho badala ya kung'aa kikafanya weusi kama tako la sufuria. Siok Hun alikuwa ameegemea kaunta muda wote huo, macho hayajabanduka. Ndivyo tulivyo, mteja humsimamia sonara kichwani mpaka mwisho ili asibadilishiwe mali. Basi hata mtu wa kumsingizia hakuwa naye.

"Ni fedha imechovywa," Lau akasema taratibu. "Wameipaka dhahabu nene, kazi ya wazee. Jiwe linaonja ngozi tu, la ndani haliwezi kulijua."

"Pima tena."

"Mama Hok, nipime nini tena?"

Akakaa kwenye kigoda. Alikumbuka mwaka ule mumewe alipolazwa mapafu, akataka kuiuza, na mama mkwe akampigia magoti akilia: uza kitanda, uza mpaka masufuria, hiyo niachie. Akauza kitanda. Mume akafa hata hivyo, na miaka yote hii Siok Hun alidhani kizee kile kilikuwa kinamlindia yeye heshima yake.

Lau akasogea, akashusha sauti. "Naweza kukuchovyea vinne. Dawa za siku hizi zinashika. Mpaka vipauke, nyote mmeshazeeka."

"Mimi siyo tapeli, Lau."

"Sijasema hivyo. Nimesema Jumapili ni Jumapili."

Akaviokota vipande vyake, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Ana miaka tisini na mmoja, na kiharusi kilimnyang'anya maneno tangu mwaka juzi. Siok Hun ndiye anayemwogesha na kumlisha. Akavitandaza vipande kwenye sinia mbele yake, upande mweupe juu.

"Ulijua?" akauliza. "Nataka kujua tu. Ulijua, au na wewe ulipewa hivi?"

Bibi akavitazama vipande. Akamtazama Siok Hun. Kisha akafungua mdomo, akingoja kijiko.

Siok Hun alitamani kumzaba kofi. Kisha aibu ikaja juu ya hasira. Hatimaye akachota uji, akaupuliza, akamlisha, kwa sababu muda wa kula ulikuwa umefika na hakukuwa na mtu mwingine wa kumlisha.

Siku ya pili akampigia Hok simu amweleze. Hok akawahi yeye: mama yake Kui Lian, mchumba wake, amekwishawapigia ndugu wote wa Bangkok, wanakuja kuona bibi arusi akivalishwa. Siok Hun akaishia kumuuliza kama amekula. Alipokata simu akatafuta njia nyingine, na kila aliyoifikiria iliishia kwenye arusi kuvunjika. Jioni akarudi kwa Lau. Lau akamletea kitabu cha michoro achague vinne vya kuchovya.

Jumapili Kui Lian akapiga magoti, akampa Siok Hun chai kwa mikono miwili. Mashangazi wakasogea karibu na simu zao za kupigia picha. Siok Hun akamvalisha mkufu, hereni na pete, kisha bangili, na vidole vyake vilikuwa vya baridi hata binti akavishika kumpashia joto.

"Mama," Kui Lian akasema, machozi yakimlengalenga, "hivi sitaviuza hata tukilala njaa. Namwekea mke wa mwanangu."

Watu wakapiga makofi. Siok Hun akamwambia ahsante, mwanangu, kwani angesema nini.