Nukta Nyekundu ya Mzee Elikana

Watu wengi wakiingia kwenye karakana yangu pale Rusimbi huuliza fundi yuko wapi. Huwa nawajibu fundi katoka, wakae wamsubiri. Wakishakaa robo saa ndipo nawauliza shida yao. Nina leseni ya ufundi wa bunduki mwaka wa kumi na nne huu, kazi nimeirithi kwa marehemu baba yangu, Mwinshehe, na sina subira na mtu anayeliona buibui langu kabla ya kuiona tupa mkononi mwangu.

Mzee Elikana hakuuliza fundi yuko wapi. Aliingia asubuhi, akavua kofia, akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, fundi." Akailaza shotigani yake mezani, imekunjuliwa, tupu, mtutu ukitazama ukutani. Nikampenda papo hapo. Nilimwamkia shikamoo, nikakagua leseni yake, nikamvutia kigoda.

Alitoka kijiji kimoja nyuma ya Mwandiga. Huko ndiye aliyelinda mashamba ya muhogo ya familia tisa dhidi ya nguruwe pori, kazi aliyoifanya tangu nikiwa msichana. Alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua taratibu. Kilikuwa kilengeo, kile kidude kinachokaa juu ya mtutu ambacho mlengaji hukitazama. Binti yake wa Dodoma alikuwa amemwagizia kwa simu. Alikisogeza mlangoni penye jua, kikang'aa kijani kibichi.

"Unaona kinavyowaka?" alisema. "Nifungie hiki. Nguruwe wanakuja jua likizama, nami saa hizo mtutu siuoni kabisa."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vidude vya namna ile vinatembezwa sana kwenye simu. Nilimshika mkono nikamwingiza stoo, nikafunga mlango.

"Kimezima," alisema gizani.

"Hakijawahi kuwaka, mzee. Hiki kinakula mwanga wa jua. Jua likilala, nacho kinalala na njaa."

Alicheka mpaka akakohoa. Tulipotoka hakuwa anacheka tena. Aliketi, akasema msimu mzima hajaangusha nguruwe hata mmoja, na msimu uliotangulia vivyo hivyo. "Watu hawaniambii neno. Ila mtu akishindwa kazi yake anajua mwenyewe. Nikiiacha bunduki hii, mwanangu, nitakuwa mzee wa kuota moto tu. Nitafutie dawa."

Nikamtandikia mezani nilivyokuwa navyo. Enzi za baba, wawindaji walipaka ncha ya mtutu unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji kidogo, ukikauka unaonekana mweupe mpaka giza linapokaza. Siku hizi tunapaka rangi. Nilimwonyesha hiyo, akatikisa kichwa. Nikamwonyesha kilengeo chenye kichupa kidogo kuliko punje ya mchele, ndani yake mna gesi inayong'aa yenyewe miaka mingi bila betri. Tukarudi nacho stoo. Mimi nilikiona kama kimulimuli. Yeye alitazama huku na huko, akasema, "Kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kuuliza. Sikuuliza. Nilijiambia ni uzee, macho ya mzee hayawezi kutazama kwa wakati mmoja mnyama aliye mbali na ncha ya mtutu iliyo karibu, na mimi dawa ya hilo ninayo. Nikatoa kitu nilichokuwa nakitunza kwa ajili ya mteja wa maana: kioo kidogo cha kufunga juu ya bunduki, kinachotumia betri, na ukitazama ndani yake unaona nukta nyekundu inaelea mbele yako. Huna haja ya kutafuta ncha ya mtutu. Unatazama unapotaka kupiga, nukta inakaa hapo.

Alipoinua bunduki na kutazama, alinishika bega kwa nguvu. "Naiona! Naiona, mwanangu!"

Nilifurahi kama mtoto. Kazi ile ilinichukua siku mbili, kwa sababu ukanda wa juu ya mtutu wake ulikuwa mwembamba na kibanio cha kioo kilikuwa kipana. Nilikikata kwa tupa, nikajaribu, nikakata tena. Alipokuja kuichukua nilipunguza ukali wa nukta. Nukta ikiwaka kupita kiasi, unaona nukta peke yake, mnyama anamezwa. Yeye alitaka iwake mpaka mwisho.

"Hapo ndipo naiona vizuri," alisisitiza.

Nikamwachia. Mteja ni mfalme, na fundi aliyesifiwa huwa kiziwi.

Nina desturi moja niliyoachiwa na baba: kilengeo cha giza hakikabidhiwi mchana. Lazima ukakijaribu pale kitakapofanyia kazi, saa ile ile, na risasi bandia za mbao ndani ya bunduki. Kwa hiyo jioni hiyo nilifuatana naye. Risasi zake za kweli niliziweka kwenye mkoba wangu, nikaufunga zipu.

Tulifika kwake saa kumi na mbili na robo. Mkewe, Rozalia, alitukaribisha uani, akaninawisha mikono, akasema hatutaondoka bila kula, ngoja achume kisamvu. Mzee hakutaka kusubiri. Alinipeleka kwenye kibanda chake cha kulindia, vigogo vinne na nyasi, ukingoni mwa shamba chini ya michikichi. Tuliketi. Mwanga ulikuwa unapungua, lakini mimi niliona bado: mistari ya muhogo, kichuguu, njia ya miguu inayoshuka bondeni.

Nilimfundisha kupachika kitako begani bila kubana shavu sana. Alijifunza upesi. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko ya askari vijana ninaowatengenezea silaha.

"Kimya," alininong'oneza ghafla. "Wamekuja."

Majani yalicheza kwenye mstari wa nne. Nikatazama. Alikuwa Rozalia. Ameinama, kanga ya kahawia kiunoni, anachuma majani machanga ya muhogo, hatua thelathini kutoka tulipo. Nilidhani mzee anatania. Nikageuka kumcheka, nikakuta bunduki iko begani na jicho lake limetua kwenye kioo.

"Mzee—"

Triga ikalia: tik.

"Nimempata," alisema kwa furaha. "Katikati kabisa. Umeona mkono haukutikisika?"

Vidole vyangu vilikuwa vinaupapasa mkoba kuhakikisha risasi ziko humo zote. Ziko. Nilizihesabu mara mbili. Alikuwa amelenga vizuri, na kilengeo nilichokifunga mimi kilikuwa kimenyooka. Nukta aliiona. Kilichokuwa nyuma ya nukta hakukiona, nami nilikuwa nimekaa siku mbili na tupa, najisifu, nikimsaidia asiyeona apige sawasawa.

Rozalia alinyooka, kisamvu mkononi. "Baba Yohani, majani haya yatawatosha?"

Mzee Elikana alishusha bunduki. Alitazama upande wa ile sauti muda mrefu. Kisha akaniuliza, polepole, "Pale nilipopiga. Palikuwa na nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilitamani sana kumdanganya.

"Ni mama, mzee," nilimwambia.

Aliiweka bunduki chini kama kitu kinachounguza. Rozalia alitufikia, akaona nyuso zetu, akaelewa kabla hajaambiwa. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye nyasi karibu na mumewe, akaweka kisamvu mapajani.

"Kosa langu," alisema. "Leo sikuimba. Niliona haya mbele ya mgeni."

"Kuimba?" mzee aliuliza.

Rozalia alinitazama, halafu akatazama chini. "Wote tunaimba tukipita hapa jioni, baba Yohani. Tangu ulipompiga mbuzi wa Kubwimana wa bondeni."

"Yule alikuwa nguruwe. Mliniambia kajeruhiwa, kakimbia."

"Alikuwa mbuzi. Nyama yake uliila kesho yake, ukaisifu."

Mzee aliigeukia sauti ya mkewe. "Miaka miwili, Rozalia. Miaka miwili najua nawalinda, kumbe nyinyi mnajilinda na mimi."

"Mtu anayejilinda na wewe angebadili njia," Rozalia alimjibu. "Hakuna hata mmoja aliyebadili njia. Tuliimba tu, ujue tulipo."

Mzee akafunika uso kwa kofia yake, akalia. Mimi pia nililia, na sioni aibu kusema. Nilimwambia kuna madaktari wa macho, kwamba ukungu wa uzee mara nyingine huondolewa. Alisema atakwenda, lakini bunduki haitamsubiri ndani. Akainyanyua, akaikunjua, akatoa ile risasi bandia, akaishika kiganjani kidogo, kisha akanikabidhi vyote viwili.

"Kesho twende wote polisi tukairudishe," alisema. "Leo ilale kwako, fundi. Kioo chako kitoe, kizuri kile, atakipata mwenye macho."

Tulianza kurudi nyumbani, Rozalia amemshika kiwiko, mimi nyuma na bunduki. Hatujafika kwenye kichuguu, wimbo ukapanda kutoka bondeni, sauti nene ya mwanamume anayeimba kwa Kirundi kwa nguvu zote, na kengele ya baiskeli juu yake.

Mzee Elikana akasimama. "Kubwimana!"

"Ni jewe, muzehe!" sauti ilijibu haraka, imeshtuka. "Ni jewe, ni mimi, ni mimi!"

"Najua ni wewe, mwanangu. Acha kuimba, mlima huo utakumaliza pumzi. Bunduki anayo fundi."

Wimbo ulikatika. Kisha baiskeli ikaanza tena kupanda, taratibu, na Kubwimana akatupita kimya, kofia kaivua, kaishika mkononi.