Kadi ya Marehemu

Udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujakauka, na tayari kaka yangu alikuwa ameichomoa kadi ya benki chini ya mto wa marehemu.

“Benki wasijue,” aliniambia jikoni. “Wakijua wataifunga, tuanze mirathi, mahakama, mawakili. Nitatumia kadi kidogo kidogo. Wewe funga mdomo.”

“Sawa, kaka.”

Kaka hakujua kwamba baba, alipoanza kupooza, alinitia kwenye akaunti yake, ikawa ya pamoja. Mmoja wetu akifa, aliyebaki ndiye mwenyewe, bila mahakama. Ningemwambia kaka. Lakini nilikuwa nimemsikia sebuleni akiwaambia shangazi zetu: “Huyu mjane kamla mume, sasa kamla na baba. Zile pesa za dawa mnadhani zilikwenda wapi?” Mimi, niliyemgeuza baba kitandani na kumfulia mashuka! Tangu hapo shangazi mkubwa hakugusa chai yangu.

Nikasali, nikanyamaza.

Siku kaka alipowachukua shangazi wamsindikize dukani akajinunulie friji, ili wamwone alivyo mtu, mimi nilipitia benki na cheti cha kifo.

“Pole, mama,” karani akasema. “Na kadi yake iko wapi?”

“Inatembea mjini. Ifungeni sasa hivi.”

Kisha nikaenda kusimama mlangoni pa duka. Kaka alikuwa amechagua friji pana kuliko mlango wa nyumba yake.

“Imekataa, mzee,” muuzaji akamwambia.

“Rudia.”

“Imefungwa.”

“Ipanguse kwenye shati,” akashauri shangazi mdogo. Shangazi mkubwa akaichukua, akaisogeza karibu na macho.

“Mbona ina jina la marehemu? Nawe si ulituambia pesa ya baba yako kaila dada yako?”

Kaka akatoka kwa mlango wa nyuma. Akakimbilia benki, akaambiwa akaunti sasa ni yangu. Jioni akaja kwangu, mpole kama paka aliyenyeshewa.

“Dada yangu, damu nzito kuliko maji.”

“Walete shangazi. Ulichosema nyuma yangu, ukifute mbele yangu.”

“Halafu utanigawia?”

“Halafu utaingia ndani. Ya pesa nitamuuliza Mungu, na sina haraka.”

Kesho yake wakaja. Kaka akasimama, macho chini, akanong’ona kwamba alinisingizia.

“Sauti,” nikamwambia. “Shangazi mkubwa hasikii vizuri.”

Akarudia. Shangazi alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza, lakini akatega sikio kwa mkono.

“Eti?”