Ombi la Dirisha Moja

Kazi ya Obuya ilikuwa kuunganisha tovuti za watu na programu zao za kutunza wateja, na wala hakujua kuandika programu, jambo ambalo hakuwa na haraka ya kumwambia mtu. Kwenye skrini aliburuta kisanduku hiki, akavuta mstari hadi kile, basi. Mtu akijaza fomu kwenye tovuti, jina lake linaingia kwenye orodha ya duka na jibu linamfikia kwenye simu. Alikodi meza huko Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa.

Jumatatu, Nabiha alizipanda ngazi hizo akihema. Alikuwa binti wa Mbarak, fundi wa mapazia wa ghorofa ya chini, aliyefariki miezi minne iliyopita. Duka lilifungwa tangu msiba, na siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amelifungua.

"Obuya, kuna mteja wa Kileleshwa amenipigia. Anasema amengoja baba asubuhi yote."

Akampa simu asome ujumbe ambao mteja alikuwa amepokea, akamrushia. *Assalamu alaikum. Mimi ni Mbarak. Nimepata ombi lako. Kesho saa nne nitakuja kupima dirisha, inshallah.*

Obuya alisisimkwa mwili, kisha akakumbuka uzembe wake. Siku alipoliunganisha duka hilo, Mbarak alikuwa ameketi ubavuni mwake akimtajia maneno hayo moja moja, naye, kwa kupenda njia ya mkato, akayaandika kwa mkono pamoja na jina, badala ya kuacha jina la mwenye duka lichukuliwe kutoka kwenye programu. Nabiha alishabadilisha jina kule. Kisanduku cha majibu hakikuwa na habari.

"Zima hiyo kitu leo," Nabiha alisema. "Siwezi kuwa na baba anaahidi watu vitu."

Kabla ya kuzima, Obuya alifungua orodha ya majibu yaliyokwishatumwa. Duka lilikuwa limefungwa, lakini majibu yalikuwa yakienda, na karibu yote kwa mtu mmoja. Ombi liliingia kila siku baada ya alasiri: dirisha moja, chumba cha kulala. Nabiha aliisoma namba ya simu, akavuta kiti.

"Hiyo ni namba ya mum," alisema.

Walikwenda nyumbani kwa mama yake, Adams Arcade, siku ile ile. Mwanasha, mjane wa Mbarak, alikuwa bado katika eda, hivyo hakuketi na mwanamume asiye ndugu. Alizungumza akiwa chumbani, leso imetundikwa mlangoni.

"Sijarukwa na akili, mwanangu," alimwambia Obuya. "Najua ni mashine. Mbarak mwenyewe alinionyesha, akijisifu."

"Sasa mama, mbona unaiandikia?" Nabiha aliuliza.

"Miaka ishirini na sita ameshonea watu mapazia, na dirisha langu lina kipande cha shuka. Kila nikimuuliza, kesho. Asubuhi ile tukagombana kwa dirisha hilo hilo, akatoka hatujasemezana. Nilipofika hospitali kule Upper Hill nilikuta wameshamfunika. Akiniambia atakuja, ninalala. Ikifika saa nne nakaa hapa kitandani. Siku nyingine naisikia futi yake ya kupimia ikijirudisha kwenye kibati chake, trrr, pale dirishani."

Obuya alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. Chumbani mlikuwa kimya, naye akajikuta ametega sikio.

"Eda yangu inaisha Ijumaa," Mwanasha alisema. "Niachieni mpaka Ijumaa."

Nabiha alikuwa akilia, kwa hiyo Obuya ndiye aliyekubali. Aliporudi Ngara aliigawanya njia ya majibu: wateja wote wajibiwe na Nabiha, namba ile moja tu ijibiwe na Mbarak. Kila siku saa kumi alijikuta akitazama ombi likiingia, na kila siku aliona haya, kwa maana alikuwa akichungulia chumba cha watu.

Ijumaa ombi liliingia saa kumi kasoro dakika tano. Mahali pa kueleza dirisha paliandikwa maneno mengine.

*Usije tena, Mbarak. Nimekuwia radhi. Nawe niwie radhi.*

Mashine ilikuwa ikiyachukua maombi kila baada ya robo saa. Ikilichukua na hili, itamwambia mjane kwamba marehemu atafika kesho saa nne. Obuya aliingiwa na hofu. Aliukata mstari, akakifuta kisanduku na maneno yote yaliyokuwamo. Saa kumi ilipita bila jibu kutoka, naye akashusha pumzi. Alijiona amemwokoa mama wa watu.

Saa kumi na nusu Nabiha alipiga simu, akinong'ona.

"Obuya, watu wamekuja kumtoa eda, wako sebuleni. Lakini mum amekataa kutoka. Ako kitandani na simu kwa mkono."

"Kwani anangoja nini?"

"Anauliza kama baba naye amemwia radhi."

Obuya aliikodolea macho ile nafasi tupu kwenye skrini. Lile "Nimepata ombi lako", jibu pekee ambalo Mbarak angeweza bado kumpa, alikuwa amelifuta yeye, kwa mkono wake. Kwenye simu alimsikia Mwanasha akiuliza tena.