Faharasa ya Profesa Halstad

Kazi yangu ni kutengeneza faharasa, ile orodha ya mwisho wa kitabu inayokuonyesha jambo fulani liko ukurasa gani. Watu huniuliza kama hainichoshi. Kwangu ni raha tupu. Nina usonji, napenda kila kitu kikae mahali pake, na kwa miaka kumi na tisa katika kampuni ya vitabu hapa Winnipeg sijarudishiwa kazi hata moja.

Januari wakaniletea kitabu cha Profesa Lorne Halstad, cha kufundishia walimu kuhusu usonji. Ukurasa wa 41 ulisema: "Watu wenye usonji hawana uwezo wa kufanya mzaha." Nikasoma mara tatu. Iliniuma, sitaficha. Mwaka uliofuata mamia ya walimu wangeingia madarasani wakiamini hivyo.

Nikamwendea Yvette, mhariri wetu.

"Achana naye, Verna," akasema. "Nimemwandikia mara mbili. Hataki liguswe hata neno moja."

"Na faharasa?"

"Hiyo yako. Ataipitia tu kabla hatujachapa."

Sisi wa kazi hii tunajua waandishi wanavyopitia faharasa: wanatafuta jina lao, wakishaliona wanaridhika, basi. Kwa hiyo jina lake nililipamba.

*Halstad, Lorne*
*asifiwa na Halstad, 3, 17, 88, 204*
*awazungumzia watu wenye usonji, 1–312*
*awauliza watu wenye usonji, hakuna ukurasa*

Namba zote nilizihakiki mara mbili. Kwenye faharasa mimi sidanganyi.

Siku ya tatu baada ya kutumiwa faharasa akaja mwenyewe, viatu vina theluji, karatasi mkononi, uso umemwiva.

"Nani kafanya mzaha huu?"

"Mzaha upi, Profesa?" nikamuuliza.

"Usinichezee, mama. Huu hapa."

"Hiyo nimeitengeneza mimi, na mimi nina usonji." Nikafungua ukurasa wa 41, nikaweka kidole pale pale. "Kwa hiyo haiwezi kuwa mzaha. Umeandika mwenyewe."

Yvette akainamia kikombe chake cha kahawa, mabega yakimtikisika.

"Chagua wewe," nikaendelea. "Kama ni mzaha, sentensi yako si kweli, tuifute. Kama si mzaha, faharasa iende mtamboni kama ilivyo."

Theluji ya viatuni mwake ilikuwa imeshakuwa maji kwenye zulia letu. Kisha akaomba kalamu, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja mnene. Nilifurahi mpaka nikasahau zulia.

"Haya, na hii?" akasema, akigusa mstari wa mwisho chini ya jina lake. "Hii nayo utaiondoa?"

"Hiyo ni kweli, Profesa. Itabadilika ukinipa namba ya ukurasa."

Akavuta kiti, akavua glavu, akaniuliza mzaha wa kwanza niliowahi kufanya ulikuwa upi. Tulikaa hadi saa ya chakula ikapita.

Kitabu kikatoka na kurasa zaidi ya 312. Mstari ule bado upo kwenye faharasa. Unasema 313.